Hirizi ya Bi Zuwena

Thuraya, anayekaa sasa kwenye meza iliyokuwa yangu, ameniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi ili wenzake waliokuja juzijuzi wajue mambo yalikuwaje. Nimemwambia vyeo na barua za kupandishwa daraja zimo kwenye faili langu, faili limo kabatini, na ufunguo anao yeye. Mimi nitaandika habari za gundi, za sanduku moja, na za bibi mmoja wa Ibra. Nimestaafu tangu Ramadhani iliyopita na sina haraka, na yule bibi sijapata kumwandika popote ila kwenye kadi moja, ambayo Thuraya ameshaiona.

Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Nizwa na wazazi wangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, Kiarabu sikijui zaidi ya kile cha kuswalia. Nilipofika miaka ishirini na kitu nilikuwa nimekijua cha kutosha kuomba kazi. Niliomba ofisi ya nyaraka za zamani kwa sababu moja isiyo na fahari yoyote: ilikuwa karibu na nyumbani, na baba alisema hatanizuia mradi nirudi kabla ya alasiri. Siku ya kwanza nilivaa abaya mpya na kubeba kalamu mbili. Nilikabidhiwa kwa Maalim Khalfan, mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, naye akanipa sufuria.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Unajua kupika uji?"

"Najua."

"Basi pika huu. Kalamu zako weka, hazitakimbia."

Ulikuwa uji wa wanga wa ngano. Unapikwa kwa moto mdogo, unachujwa kwa kitambaa mara tatu, unaachwa upoe, kisha unapigwa tena mpaka uwe laini kabisa. Hiyo ndiyo gundi yetu, na mpaka leo sijaona ya dukani inayoifikia, maana hii ikikosewa unailowesha tu ikatoka, karatasi isidhurike. Wiki tatu sikushika karatasi hata moja. Nilirudi nyumbani nanuka unga, na mama akawa ananiuliza kama nimeajiriwa ofisini au kwa mwoka mikate. Wiki ya nne Maalim alichukua gazeti kuukuu, akalichana vipande vinane mbele ya macho yangu, akasema nikiliunga mpaka yeye asipaone palipochanika, ndipo nitapewa karatasi ya mtu. Ilinichukua miezi miwili.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini pengine atasoma asiyeijua. Nyumba za zamani zina makaratasi: barua, hati za mashamba, nikahi, wosia. Tulikuwa tukiwafuata watu kwao, Ibra, Sur, Sinaw, mpaka Ras al Hadd, tunaazima, tunasafisha kwa brashi, tunaunga palipochanika kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, tunapiga picha, tunarudisha. Karatasi iliyokaa ghala la tende hubeba asali yake miaka na miaka, na mchwa wanaijua njia. Iliyotoka Unguja utaitambua kwa harufu ya karafuu kabla hujafungua sanduku. Kila karatasi iliandikiwa kadi yenye mistari sita: mwandishi, mwandikiwa, mahali, tarehe, habari kwa ufupi, hali ya karatasi.

Pembeni mwa chumba kulikuwa na sanduku la bati lililoandikwa kwa chaki kuwa hayasomeki. Wenzangu, ambao Kiswahili hawakukijua, walikuwa wakitia humo kila karatasi ambayo herufi zake ni za Kiarabu safi lakini maneno hayaingii akilini. Mmoja alisema ni Kifursi, lugha ya Waajemi. Mwingine aliamini ni sihiri, akawa hapiti upande ule bila kusoma Ayatul Kursi. Mwezi wangu wa tano nilikuwa natafuta kitu kizito cha kukandamizia karatasi, nikalivuta sanduku lile, jani moja likaanguka. Nikalisoma kwa sauti: "Mwanangu, kanga zako zimenifika, ila ile ya pili imeliwa na panya." Nikacheka peke yangu pale chini. Kilikuwa Kiswahili cha bibi zangu, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wote zamani.

Maalim Khalfan alinitazama juu ya miwani. Yeye naye alikulia Unguja, na sanduku lile alilijua siku zote.

"Macho yangu hayawezi tena herufi ndogo," alisema. "Niliomba waniletee mtu. Wameniletea wewe, na imekuchukua miezi mitano kuinua sanduku."

Sanduku likawa langu. Nilisoma barua za watu waliolilia mafuta ya nazi, waliogombana kwa sababu ya mpaka wa shamba, waliowaambia wake zao maneno ambayo nisingependa mgeni ayasome. Ndipo Maalim aliponipa sheria zake, na kubwa ilikuwa juu ya hirizi, kwa kuwa masandukuni humo hirizi nazo huwamo, zimeshonewa ngozi. Alisema barua ikifika mezani isomwe, lakini hirizi ikifika mezani ishonwe ngozi yake irudishwe. Aliyeifunga alifunga kwa nia yake, aliyeivaa ameivaa kwa imani yake, na sisi hatukuitwa hapo. Niliishika sheria hiyo kuliko alivyoishika yeye mwenyewe.

Bi Zuwena nilimjua nikiwa na mwaka wa nne kazini. Alikuwa akikaa Ibra kwa mwanawe, Said, mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayezungumza na mama yake Kiswahili cha kuokoteza. Wake wa nyumba ile Kiswahili hawakukijua kabisa, kwa hiyo nilipoingia na kusema shikamoo, yule bibi alinishika mkono na hakuuachia mpaka nilipoondoka.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Ushakuja? Nimeambiwa wewe ndiye unayesoma makaratasi ya watu."

"Ndiye mie, bibi."

"Basi mie karatasi sina. Nataka unitafutie."

Akanieleza. Baba yake, Suleiman bin Hamed, alikuwa karani Unguja. Katika vita vya kwanza vya dunia, ambavyo yeye aliviita vita vya Mjerumani, Waingereza walichukua watu wa visiwani kwenda bara kubeba mizigo ya jeshi, na baba yake akachukuliwa kuwaandika majina wapagazi hao. Alimwacha mkewe na mimba changa. Hakurudi, na kwa mkewe haikuletwa habari yoyote. Majirani wakasema ameoa Lindi, kama walivyofanya wengine. Mkewe hakupewa talaka wala hakuambiwa ni mjane, kwa hiyo hakukaa eda, na wachumba walipokuja aliwajibu kuwa ana mume. Alikufa mtu mzima, bado ana mume.

"Bibi," nikamwambia, "kwa miaka iliyopita, lazima ameshatangulia mbele ya haki."

"Hilo nalijua, mie si mtoto. Lakini nani aliyenambia? Sijapata kusema 'marehemu baba' hata siku moja. Nikitaka kumsomea hitma, nafsi yaniuliza: na kama alituacha? Nataka jambo moja tu, mwanangu. Alikufa au alituacha. Nikishajua, khalas, sitamsumbua mtu."

Kisha akatoa hirizi kifuani, chini ya kanzu yake. Ilikuwa ya ngozi nyeusi, ndogo, kingo zimelika.

"Kitu chake ninacho hichi kimoja. Ami yangu Nassor, nduguye baba, ndiye aliyenivisha. Alimwambia mama: hii dua imetoka kwa mumeo, isifunguliwe. Tena ami naye akafa na homa ile kubwa iliyokuja vita vilipokwisha, mie sijatimia mwaka. Hakubaki wa kuulizwa. Hebu nishonee, mshono unalegea. Lakini usifungue."

Nilimshonea pale pale sebuleni, kwa sindano nyembamba na uzi wa nta, naye hakuitoa shingoni, ikabidi nishone nimeinamia kifua chake nikisikia pumzi zake. Kupitia ngozi niliisikia karatasi kwa vidole, imekunjwa mara nne. Nilikuwa na mkasi mapajani. Nilishona kama nilivyofundishwa, nikakata uzi, na Bi Zuwena akanipa halua.

Miaka tisa nilimtafutia baba yake. Kila nyumba iliyotoka Unguja niliiuliza, na mambo ya vita vile ni kama hayakuandikwa. Watu waliandika habari za karafuu. Kila nilipopita Ibra nilimpelekea jibu lile lile. Alikuwa na maneno ya kunipokelea.

"Ofisi nzima ile na karatasi moja haijaonekana? Mwafanya nini huko, mwapika uji?"

"Twapika uji, bibi."

"Basi upikeni vizuri."

Katika miaka hiyo Maalim Khalfan alifariki, nami nikarithi sufuria na miwani ya uzi, ambayo ninayo bado. Nilimlilia sana. Nilikuwa na watu wa kuwafundisha na sina wa kumuuliza.

Asubuhi moja Said alinipigia simu ofisini. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini kwa moyo. Alitakiwa kupigwa picha ya kifua, akavua hirizi kwa mara ya kwanza tangu utoto, na ngozi ile, iliyokunywa jasho la miaka themanini, ikapasuka mkononi mwake. Hataki kutulia mpaka ishonwe, tena na mimi. Nilikwenda na dereva wetu, Msallam, kupitia Sinaw, siku ya mnada wa mifugo, tukasimama nyuma ya lori la ngamia mpaka Msallam akamaliza maneno yote anayoyajua. Said alinipa hirizi langoni mwa hospitali, kwenye leso. Ngozi ilikuwa imekufa, haishoneki, ilihitaji mpya, na ngozi zangu ziko Nizwa. Nikairudisha kwa gari lile lile.

Mezani nilikusudia kuihamisha karatasi kutoka ngozi ya zamani hadi mpya bila kuitazama. Wallahi ndivyo nilivyokusudia. Lakini ilikuwa imetoka nusu, na mstari wa kwanza ulikuwa wazi, na dua haianzi kwa kumwamkia mtu kwa jina lake na la baba yake. Hapakuwa na zile nyumba za mraba wala hesabu za waganga. Ilikuwa barua ya Kiswahili. Mgongoni mwake ilibandikwa kitambaa cha bafta ili isipasuke. Nikaifungua kwa kisu cha mfupa, mkunjo baada ya mkunjo, nikaisoma. Hii hapa, kama ilivyo.

"Kwa ndugu yetu Nassor bin Hamed, Mungu akuweke. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwa huzuni kuwa nduguyo Suleiman amefariki. Tuliondoka Lindi na wapagazi nyuma ya askari, tukafika mahali paitwapo Mahiwa mwisho wa Mfunguo Tatu. Vita vilikuwa vya siku nne. Mwezi uliandama na mwaka ukageuka tukiwa mle msituni, wala hapana aliyetazama mbingu. Askari wa Mwingereza na wa Mjerumani wengi wao ni watu weusi, na waliojeruhiwa huku na huku tuliwasikia wakimwita mama kwa Kiswahili kimoja, hatukujua yupi wetu. Maji yakatuishia. Suleiman alikuwa na daftari lenye majina ya wapagazi wote. Akanambia, 'Haji, hawa nimewaandika mimi kwa mkono wangu. Siwezi kuwaangalia wakifa kwa kiu nami nimekaa na kalamu.' Akachukua viriba viwili akateremka bondeni penye maji. Alikwenda mara tatu na akarudi mara tatu. Mara ya nne hakurudi. Tulimkuta kesho yake, kiriba kimoja bado kina maji. Sanda hatukupata. Tumemkafini kwa turubali la hema, tumemswalia watu watatu, tumemzika pamoja na wapagazi wake, ameelekea kibla. Kabla ya safari ile ya mwisho alisema, 'Mke wangu ana mimba. Nikikawia, aambiwe sikukawia kwa kupenda.' Basi mwambie. Ni mimi Haji, karani mwenzake, Lindi."

Nililia, na machozi kwenye wino wa zamani ni msiba mwingine, kwa hiyo nilisimama mbali na meza nikalia huko. Jibu la Bi Zuwena lilikuwa shingoni mwake. Amelala nalo, amezaa nalo, amevuka nalo bahari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeligusa kwa vidole miaka tisa nyuma, nikalishonea vizuri ndani lisitoke.

Nikampigia simu Said. Nikamsomea yote.

"Bi Nasra," alisema, "daktari kasema asipewe habari ya kumshtua. Hata nzuri. Moyo hauna nguvu."

"Naelewa."

"Akitoka hospitali tutamwambia. Tutakaa naye wote, umsomee wewe mwenyewe."

"Na mimi naona hivyo," nikasema, na nilikuwa naona hivyo kweli. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba, na mwenye mimba haambiwi msiba. Hili tumelikuta kwa mama zetu na hakuna aliyetufundisha kuliuliza. Nikajipa na udhuru wa kazi: nitafute kwanza habari kamili, nimpelekee jambo lililokamilika.

Siku mbili nilikaa maktaba. Nilipata kitabu kimoja kinene cha vita vile, na Mahiwa ilipewa nusu ukurasa. Ilikuwa Oktoba 1917, mwaka wa Kiislamu ulipogeuka kama alivyoandika Haji. Upande wa Waingereza ulipoteza karibu nusu ya watu wake au zaidi, wengi wao askari waliotolewa Nijeria na Afrika Mashariki, kwa kuwa majemadari walikuwa wakiwatuma tena na tena kwenye mahandaki yale yale. Mjerumani akahesabiwa mshindi, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kwenda kwa Wareno, na msitu ukabaki hauna mwenyewe. Hiyo ndiyo faida iliyopatikana. Shuleni nilisoma vita vya Ulaya mpaka majina ya mito yake, na mahali hapa sikuwahi kupasikia. Wapagazi walitajwa katika sentensi moja, pamoja na punda.

Siku ya tatu nilikwenda Ibra. Bi Zuwena alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, mkono wake ukipapasa kifua mahali pa hirizi.

"Umeileta?"

"Bado, bibi. Ngozi mpya naikausha."

"Na ya ndani? Imepona?"

"Imepona."

"Umeiona?"

Nikasema, "Nimeiona kidogo. Ilikuwa imetoka."

"Ni dua?"

Said alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ananitazama. Nikasema, "Ni dua, bibi."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe anafikiri.

"Basi nisomee," alisema. "Imeshafunguka yenyewe, hapana dhambi tena. Mie miaka yote hii sijui baba ameniombea nini."

"Nitakusomea ukitoka, inshallah."

"Kwani sasa una kazi gani?"

"Nimeiacha Nizwa, bibi."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, mapajani mwangu, kati ya karatasi mbili za kunyonyea unyevu. Niliibeba kutoka Nizwa kwa kuwa sikuweza kuiacha, na nikairudisha Nizwa kwa kuwa sikuweza kuisoma. Alinipapasa mkono akaniambia nisikawie. Siku ya pili yake, nikiwa napaka mafuta ngozi mpya, Said alipiga simu. Sikungoja aseme.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda nyumbani kwao. Baada ya adhuhuri Said aliwakusanya watu wa nyumba, nikaisoma barua, kwanza kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa, hata kama hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye, kisha kwa Kiarabu. Wanawake walilia. Halafu hitma ikasomwa ya Bi Zuwena na ya baba yake pamoja, na Said akasema kwa sauti, "Marehemu Suleiman bin Hamed." Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutamkwa katika ukoo ule.

Nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka kwenye gari. "Ni mimi niliyekwambia tungoje," alisema.

"Na mimi nilikubali."

"Ulitaka kumwambia?"

"Nilitaka, Said. Kwa hiyo kosa langu ni kubwa kuliko lako."

Familia iliiachia ofisi barua, wao wakachukua ngozi. Nilichelewa kuishughulikia, nilikuwa nikifungua droo naifunga. Hatimaye nililazimika, kwa kuwa kile kitambaa cha mgongoni kilikuwa kikivuta karatasi na kuikunja. Nililowesha kidogo kidogo kwa brashi, nikangoja gundi ilegee. Ilikuwa gundi ya wanga kama yetu, na kitambaa kikatoka kizima. Chini yake palikuwa na maandishi. Si mkono wa Haji. Mistari mitatu, wino mbalimbali, kila mmoja umeandikwa siku yake.

Wa kwanza: "Mke wa Suleiman ni mzito. Nitamwambia akijifungua salama."

Wa pili: "Amejifungua mtoto wa kike. Nitamwambia akitoka arubaini."

Wa tatu: "Mtoto ana homa, na mama maziwa yamekauka kwa hofu. Siwezi. Namvisha mtoto barua ya baba yake. Isifunguliwe mpaka akue. Akikua ataifungua mwenyewe asome."

Nilikaa chini sakafuni, mahali pale pale nilipocheka siku ya sanduku. Nassor, ami yake Bi Zuwena, hakuwa mwongo wala mjinga. Aliogopa kumuua mwanamke kwa maneno, akawa anangoja siku nzuri, na homa ikamchukua kabla ya siku hiyo. Masharti yake yalikuwa na nusu mbili, na katika midomo ya watu ikabaki nusu moja: isifunguliwe. Bi Zuwena aliitii kwa miaka themanini, na mimi niliyefundishwa kusoma nilimsaidia kuitii.

Nilimpigia simu Said, nikamsomea mistari ile mitatu.

"Basi wa nne ni wetu," akasema. "Nitamwambia akitoka hospitali."

Kisha nikaandika kadi. Mwandishi: Haji, karani. Mahali: Lindi. Kwenye mstari wa mwandikiwa niliandika Nassor bin Hamed, nikalifuta, nikaandika Zuwena binti Suleiman na mama yake. Hali ya karatasi: nzuri, kwa jinsi ilivyotunzwa. Chini kabisa, mahali ambapo fomu haina mstari, nikachora mstari kwa rula nikaandika: haikufika.

Kadi ile ilikaa kabatini miaka mingi. Thuraya alipoanza kuziingiza kadi zetu kwenye kompyuta aliniletea, akaniuliza huu mstari wa saba auweke wapi, maana mashine haina nafasi yake. Nilimwambia atengeneze nafasi, tena kwa kila kadi, za zamani na mpya. Hakuniuliza sababu, na sikumweleza mpaka leo hii ninapoandika.

Kwa hiyo mkiwa mnajaza kadi, mkifika huko chini mtakuta swali: imemfikia mwenyewe? Wengi wenu mnaandika "bado" na kwenda kunywa chai. Gari la ofisi lipo nje. Aliye hospitalini mfuateni huko huko hospitalini, mkae kitandani kwake, mmsomee. Msingoje apone.